Mtoto Aliyezaliwa na Tezi ya Thairoidi Dhaifu: Hatua kwa Hatua Hadi Miaka 3

Kila mgeni aliyekuja kumwona mwanangu aliondoka akimsifu. Halii ovyo, ukimlaza amelala, usiku mzima hana habari na mtu. Nami nilizipokea sifa zile kama zangu. Siku ya 9 simu ikaita kutoka hospitali: majibu ya damu ya kisigino yametoka, mleteni mtoto leo, msingoje kesho. Ule utulivu niliokuwa najivunia ulikuwa ulegevu wa mtoto aliyepungukiwa homoni.

Naandika kwa mzazi aliyepokea simu kama ile, au ambaye mtoto wake anamtia wasiwasi na hajui aanzie wapi. Hatua zote hapa chini zinasimama juu ya jambo moja nililochelewa kulielewa: katika tatizo hili, jicho linafika baada ya damu. Mtoto anaweza kuonekana mzima wa afya huku ubongo wake unakosa kitu kinachoujenga. Ukifika wakati wa kuona kwa macho kwamba amechelewa kukaza shingo au kutabasamu, zile wiki ambazo dawa ingemfaa zaidi zimeshapita.

Hatua ya 1: Elewa kwanza kilichotokea

Tezi ya thairoidi ina umbo kama la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni, kubwa ikiwa thairoksini, inayofupishwa T4. Kwa mtu mzima homoni hii inaendesha mwendo wa mwili: joto, mapigo ya moyo, choo, nguvu. Kwa mtoto mchanga ina kazi ya ziada ambayo haingoji. Inasimamia ujenzi wa ubongo, ikiwemo ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva ili ujumbe upite haraka. Sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika ndani ya miaka 3 ya kwanza, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Tatizo hili humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000. Kwa wengi wao tezi haikuumbika sawasawa tumboni: haipo kabisa, ni ndogo, au ilikwama njiani na kubaki karibu na ulimi. Wachache wana tezi iliyo mahali pake lakini haiwezi kutengeneza homoni, na aina hiyo mara nyingi hurithiwa. Wengine wana tatizo la muda tu, kwa mfano mama alipokuwa akitumia dawa za kupunguza nguvu ya tezi, au alipopata madini joto kidogo mno au mengi mno. Watoto wenye ugonjwa wa Down hupata tatizo hili zaidi kuliko wengine.

Mama usijitafute kosa. Tezi inapokosa kuumbika, mara nyingi hakuna sababu yoyote inayopatikana. Na kama unajiuliza kwa nini mtoto alizaliwa akionekana hana kasoro, ni kwa sababu wewe ulikuwa unamgawia homoni yako kupitia kondo la nyuma. Kitovu kilipokatwa, mgao ukakatika.

Hatua ya 2: Hakikisha damu ya kisigino imechukuliwa, na majibu yamerudi

Kipimo chenyewe ni kidogo mno. Kisigino kinachomwa, matone machache yanadondoshwa kwenye karatasi maalum, yanakaushwa, yanapelekwa maabara. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza kuwapima watoto wote wachanga kwa njia hii mwaka 1974, baada ya kazi ya daktari Jean Dussault, na nchi nyingi zikafuata. Kabla ya hapo watoto wengi waligunduliwa wakiwa wameshachelewa.

Wakati mzuri wa kuchukua damu ni kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa. Ikichukuliwa mapema zaidi, ndani ya siku ya kwanza, inaweza kupotosha, kwa kuwa TSH ya kila mtoto hupanda ghafla anapozaliwa na kushuka polepole. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Ichukulie kama sauti ya msimamizi: fundi asipoitika, msimamizi anazidi kupaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana na T4 ikiwa chini, msimamizi anapiga kelele na fundi hayupo.

Uliza maswali mawili kabla ya kutoka wodini: damu imechukuliwa? Majibu nitayapata lini, na kwa nani? Ukimya usiuhesabu kuwa ni majibu mazuri. Karatasi hupotea, namba za simu huandikwa vibaya. Mtoto njiti, pacha, mwenye uzito mdogo au aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi anahitaji kupimwa tena akifikisha wiki 2 hivi, maana kwake TSH inaweza kuchelewa kupanda.

Kama mahali ulipojifungulia hawapimi, omba kipimo cha TSH na T4 kwa damu ya mshipa. Na ujue dalili, ingawa nakuonya kwamba wengi hawana hata moja wiki za kwanza:

- manjano inayopita wiki 2 bila kuisha;
- kunyonya kwa uvivu, analala titini, inabidi umwamshe kila mara;
- choo kigumu au cha nadra;
- kilio cha sauti nzito, iliyokauka kama ya mtu mwenye mafua;
- ngozi baridi, kavu, yenye mabaka; mwili uliolegea;
- uso uliovimba kidogo, ulimi mnene unaochungulia nje;
- kitovu kilichotokeza.

Kuna na kingine ambacho wazazi hatukijui. Pitisha kidole polepole juu ya kichwa cha mtoto. Utosi wa mbele unaodunda kila mtu anaujua. Ule wa nyuma kwa kawaida ni mdogo sana, ncha ya kidole haiingii. Ukiukuta mpana, mwambie daktari. Mifupa ya mtoto asiye na homoni hukomaa polepole, na ndiyo maana wengine hupigwa picha ya goti: mfupa uliotakiwa kuonekana pale siku ya kuzaliwa haujatokea, ishara kwamba upungufu ulianza tumboni.

Hatua ya 3: Usiruhusu dawa icheleweshwe na vipimo vingine

Majibu ya kisigino yakiwa mabaya, damu ya mshipa huchukuliwa kuthibitisha. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza siku: kungoja majibu, kungoja ultrasaundi, kungoja daktari bingwa, kungoja ndugu wakubaliane. TSH ya karatasi ikipita 40 (mIU/L), mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani unaelekeza dawa ianze mara tu damu ya uthibitisho inapochukuliwa, bila kungoja majibu yake. Picha za tezi zina faida, kwani zinaonyesha kama ipo na iko wapi, lakini hazina haraka. Muulize daktari waziwazi: "Anaanza leo?" Lengo ni dawa iwe imeanza kabla mtoto hajatimiza wiki 2.

Kipo pia kipimo kinachoweza kudanganya. Mara chache kasoro haiko kwenye thairoidi, iko kwa msimamizi mwenyewe, yaani pituitari. Hapo TSH haipandi, na uchunguzi unaotazama TSH peke yake unampitisha mtoto kama mzima. Mtoto mwenye dalili apimwe na T4, hata kama karatasi ilisema yuko salama.

Hatua ya 4: Jifunze kumpa kidonge

Dawa ni levothairoksini, homoni ile ile ambayo tezi ingetengeneza. Si dawa kali, na mwili wa mtoto hauioni ngeni. Kiasi cha kuanzia ni mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mara moja. Mtoto wa kilo 3.5 atapewa kati ya 35 na 50 hivi. Usishtuke mfamasia akikunja uso. Mtu mzima anahitaji karibu 1.6 tu kwa kilo, kwa hiyo ni kweli mtoto anapewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na mwili wake. Ndivyo inavyotakiwa.

Namna ya kumpa ndiyo sehemu ninayoona haielezwi vya kutosha hospitalini, na mimi mwenyewe niliikosea. Wiki ya kwanza nilisaga kidonge nikakitia kwenye chupa nzima ya maziwa niliyoyakamua. Mtoto akanywa nusu, akalala. Dawa kiasi gani iliingia? Hakuna ajuaye. Na chini ya chupa kulikuwa na unga mweupe umetulia.

Fanya hivi. Nawa mikono. Weka kidonge kwenye kijiko kikavu, bana kwa mgongo wa kijiko kingine mpaka kiwe vumbi. Dondoshea maji au maziwa ya mama kidogo sana, mililita 1 au 2. Koroga kwa ncha ya sirinji isiyo na sindano, vuta, kisha mpe kwa upande wa shavu la ndani, kidogo kidogo, akimeza. Ukimwelekezea kooni atakabwa. Ukimwelekezea juu ya ulimi ataitema yote. Sasa angalia kijiko: bado kuna weupe. Dondoshea matone mengine, vuta, mpe tena. Kisha ndipo anyonye.

Usisage vidonge vya wiki nzima na kuviloweka kwenye chupa. Dawa haikai sawasawa ndani ya maji, leo atapata nyingi, kesho kidogo. Dawa ya maji iliyotengenezwa kiwandani ni jambo tofauti. Kama daktari ameiandika, itumie.

Chagua saa moja ya siku na usiibadilishe. Watu hubishana iwe kabla ya kunyonya au baada. Kwa mtoto mchanga anayenyonya kila mara, kilicho muhimu zaidi ni kufanya vilevile kila siku, ili daktari akirekebisha kiasi arekebishe kitu kisichoyumba. Maziwa ya mama hayana tatizo lolote. Maziwa ya soya yanapunguza kufyonzwa kwa dawa, vilevile madini ya chuma, kalisiamu na baadhi ya dawa za gesi tumboni. Usianze wala kuacha chochote kati ya hivyo bila kuitaarifu kliniki, na utenganishe kwa saa kadhaa. Chanjo aendelee nazo kama kawaida.

Ukisahau na ukakumbuka siku hiyohiyo, mpe. Ukikumbuka kesho yake, piga simu kwanza kuuliza. Akitapika je? Uliza mapema: "Akitapika baada ya muda gani nirudie?" Andika jibu, libandike mahali dawa inapokaa, maana saa ya kutapika si saa ya kufikiri. Mahali penyewe pawe pakavu, pasipo joto wala jua.

Hatua ya 5: Zifuate tarehe za damu kama unavyofuata saa ya dawa

Wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza, damu inapimwa. T4 inatakiwa iwe imepanda ndani ya wiki 2, na TSH iwe imeshuka ndani ya wiki 4 hivi. Kisha kila mwezi 1 hadi 2 katika miezi 6 ya kwanza, kila miezi 2 hadi 3 mpaka mwaka, halafu kila miezi 3 hadi 4 mpaka afikishe miaka 3. Na kila kiasi kikibadilishwa, kipimo cha ziada. Siku ya damu, uliza kama umpe dawa kabla au baada ya kutolewa, kwa sababu T4 hupanda kwa muda baada ya dozi na kumfanya daktari aamini kiasi kinatosha.

Kwa nini mara nyingi hivyo? Mtoto anaongezeka kilo, kidonge hakiongezeki. Kiasi kilichomtosha mwezi wa 2 kinaweza kuwa kidogo mwezi wa 5 na asionyeshe dalili hata moja.

Upande wa pili, dawa ikizidi: mtoto hatulii, moyo unakwenda mbio, anatoka jasho, anaharisha, halali, uzito haupandi. Ikizidi kwa muda mrefu, mifupa ya kichwa inaweza kufunga mapema. Usimpunguzie mwenyewe. Omba kipimo kifanywe mapema.

Lakini usichanganye kuzidi kwa dawa na mtoto kuamka. Wiki ya pili ya dawa wangu alianza kulia, kilio chenye nguvu, cha kudai. Usiku aliamka mara nne. Mama mkwe akasema tumemharibu mtoto wa watu, alikuwa mpole. Nilimwambia: "Mama, hivi ndivyo watoto wanavyolia." Choo nacho kikafunguka. Damu ilipopimwa, T4 ilikuwa mahali pake.

Hatua ya 6: Fuatilia ukuaji, kwa daftari na si kwa majirani

Watoto walioanza dawa mapema na kwa kiasi cha kutosha, wengi wao hukua na kujifunza sawa na wenzao. Wale ambao upungufu ulikuwa mkubwa tangu tumboni wanaweza kubaki na ugumu mdogo wa umakini, kumbukumbu au wepesi wa mikono, na kwao kufuatilia kuna maana zaidi.

Nunua daftari. Andika tarehe ya kila jambo jipya, na ukiweza chukua video fupi kwa simu. Daktari ana dakika chache na mtoto anaweza kulala muda wote huo. Kama alizaliwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa.

Vipindi hivi ni vya watoto wote. Tabasamu la kukujibu, wiki 6 hadi 8. Kukaza shingo, miezi 3 hadi 4. Kunyoosha mkono kushika kitu, karibu miezi 4 hadi 5. Kukaa bila kushikiliwa, wengi miezi 6, lakini vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaruhusu hadi miezi 9. Kutambaa hadi miezi 13 na nusu, na wachache hawatambai kabisa, wanaruka moja kwa moja kusimama dede. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8 na 17 na zaidi kidogo. Uone jinsi nafasi ilivyo pana. Mtoto wa jirani aliyekwenda tete akiwa na miezi 9 hakuambii chochote kuhusu wako.

Kinachotakiwa kukusimamisha ni mambo mengine: alichokuwa anakiweza amekiacha, miezi 4 shingo bado inaanguka, miezi 9 hajikalii, anatumia upande mmoja wa mwili, hakutazami usoni. Peleka taarifa hizo bila kungoja tarehe ya kliniki, na uombe mambo mawili kwa pamoja: kipimo cha damu na tathmini ya ukuaji. Damu ikiwa nzuri, haimaanishi umeota. Inamaanisha sababu itafutwe kwingine, na mazoezi ya viungo yanaweza kuanza huku inatafutwa.

Masikio yanastahili aya yao. Watoto wenye tatizo hili hupata upungufu wa kusikia zaidi ya wengine, na aina moja ya kurithi inaathiri tezi na masikio pamoja. Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi hachelewi kukaa wala kutembea. Anachelewa maneno, na lawama zote zinatupiwa thairoidi. Apimwe masikio akiwa mchanga, na tena akifika mwaka na nusu hajasema neno hata kama alipita mara ya kwanza. Moyo nao usikilizwe vizuri, kwa kuwa kasoro za moyo huambatana na tatizo hili mara nyingi kuliko kwa watoto wengine.

Nyumbani hakuna vifaa vya kununua. Mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache mara kadhaa kwa siku, umelala mbele yake uso kwa uso. Zungumza naye unapomwogesha, nyamaza kidogo, mpe nafasi akujibu kwa sauti yake. Mwili uliolegea hukaza kwa kutumika.

Hatua ya 7: Miaka 3, swali la kuacha dawa

Swali hili litakuja mapema kuliko miaka 3, kwa kuwa mtoto anacheza, anakimbia, na ndugu wanauliza kwa nini anameza dawa kila siku. Kabla ya miaka 3 jibu ni hapana. Uzima unaouona unatoka kwenye kidonge.

Akitimiza miaka 3, daktari anaweza kupendekeza dawa isimamishwe kwa takriban wiki 4 na damu ipimwe, hasa kama tezi iko mahali pake na kiasi anachotumia kimebaki kidogo. TSH ikibaki chini, tatizo lilikuwa la muda. Ikipanda, anarudi kwenye dawa, na ni ya maisha. Katika wiki hizo chunga uchovu, choo na ubaridi wa ngozi, na usiikose tarehe ya damu hata kwa siku moja.

Wetu hakuhitaji jaribio hilo. Picha ilionyesha kijitezi kidogo chini ya ulimi, na cha namna hiyo hakikui kikatosha. Sasa kidonge anakitafuna mwenyewe kila asubuhi, na vile vijiko viwili vimerudi jikoni.